Sufu ya Kondoo Wetu

Wiki ya harusi yake, dada yangu alitoa sharti moja: gari la marehemu baba likiendelea kuwa na sura ile, yeye atapanda lile jeupe la upande wa bwana harusi. Baba mdogo alikosa raha siku nzima. Kwake, binti kutolewa kijijini kwetu Nyamwaga kwa gari la wakwe ni sawa na kutangaza kwamba kwao hakuna watu.

Sura yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Tangu baba afariki, gari lilikaa juani kando ya migomba, na nyekundu yake ilipauka mpaka ikafanana na ufizi. Nikatumwa Tarime mjini mimi, kwa sababu ndimi mwenye sifa ya maswali mengi.

Muuza vipuri alikuwa mzee mwenye asili ya Tanga, mpole, asiye na haraka ya kuuza. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipangia makopo juu ya kaunta. Akaeleza kwamba dawa ya kung'arishia gari, ambayo yeye aliiita kompaundi, haiongezi rangi hata kidogo. Inakwangua ile ngozi ya juu iliyokufa ili rangi nzima iliyo chini ionekane. Ipo yenye chenga, ipo ya wastani, ipo laini kama losheni. Pedi za kufunga kwenye mashine ya kusugulia nazo ni vivyo hivyo: ya sufu ya kondoo hukata kwa nguvu, ya sponji hupapasa tu.

"Anza na kilicho laini, tena mahali padogo," akasema. "Kikishindwa ndipo upande daraja. Rangi ukishaimaliza, hairudi."

Nilichukua vyote isipokuwa pedi ya sufu. Baba mdogo alikuwa amepiga simu katikati ya somo, na aliposikia neno kondoo akacheka sana. Kondoo si tunao zizini?

Nilidhani ananitania. Niliporudi nikamkuta ameshakata duara kwenye ngozi ya kondoo anayoikalia siku zote, ameifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kwenye mashine aliyoazima gereji huko Nyamongo. Hakutaka kusikia habari ya laini wala ya mahali padogo. Aliwasha akaanzia katikati ya boneti. Ngozi ilipopata joto ikatoa mafuta, mafuta yakashika vumbi, na uani kote kukanukia supu. Mbwa wetu walikuja wakaketi mbele ya gari, wakangoja kwa adabu. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko, lakini baba mdogo hakucheka. Harusi ilikuwa kesho, na boneti ilikuwa imejaa miduara.

Nikamwomba mashine kwa heshima zote, ingawa moyoni nilikuwa nawaka. Nikaosha gari kwa sabuni, nikafunga sponji, nikajaribu kopo laini kwenye pembe ya mlango wa nyuma. Halikutosha. Nikapanda daraja moja, kopo la wastani, mashine polepole, nikapumzika kila bati lilipopata joto. Nyekundu ikaanza kujitokeza. Nikarudi na lile laini kumalizia, na hata miduara ya boneti ikakubali kuondoka.

Palibaki mahali pamoja tu, chini ya kioo cha dereva, upana wa kiganja, ambapo rangi ilikuwa imeisha kabisa pakabaki kijivu. Baba mdogo akalifuata kopo lenye chenga. Nikamwambia hapo hapana tena cha kukwangua. Akasema dada ataanza kupaona hapo hapo, na atapanda lile jeupe.

Dada alifika jioni akitoka kusukwa. Akazunguka gari, sisi tukiwa tumesimama kama watoto wa darasa la saba wanaosubiri matokeo. Alipofika kwenye ule ukijivu akasimama. Akafungua mlango, akaketi kwenye kiti cha dereva, akashusha kioo, akaweka kiwiko chake pale. Kikaenea sawasawa. Baba aliendesha hivyo miaka yote, mkono nje, kiwiko kikiisugua rangi pale pale, kutoka Nyamwaga hadi Mugumu. Nililia, wala sioni haya kusema.

"Hapa msipaguse," dada akasema. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Na ile gari yao nyeupe, baba, waambie ibebe mashangazi."