Helmeti Zenye Stika ya Mbuzi

Ersilia Bionaz alikulia zizini, na nikisema zizini sina maana ya jirani na zizi. Nyumba yao ya kule juu malishoni ilikuwa na ng'ombe chini na watu juu, na baridi ikizidi familia nzima ilishuka kulala chini ili ipate joto. Alikanyaga mavi ya ng'ombe kabla hajajua kutembea sawasawa. Kwa hiyo mwanamke huyu akikwambia kitu kinanuka, muamini.

Kila Juni anafua vifaa katika duka la shemeji yake Loris, mdogo wa marehemu mumewe. Loris anakodisha baiskeli za kuteremkia mlima, na anawaongoza wageni wiki nzima, kutoka kituo cha juu cha magari ya kebo mpaka hapa kijijini. Mkahawa wangu na duka hilo ni ukuta mmoja, kwa hiyo harufu tunagawana.

Na harufu ipo. Jasho la watu likifungiwa kabatini tangu vuli hadi kiangazi linageuka kuwa kitu ambacho sina jina lake. Kinga za magoti zilikuwa zimegandana. Mwaka huu, ndani ya glovu moja, Ersilia alikuta plasta yenye damu kavu na kipande cha ngozi. Akaja mlangoni kwangu akiwa ameishika kwa koleo la kuokea, nami nikamfukuza, maana nilikuwa na watu wanakula.

"Ng'ombe hana adabu, lakini hajifichi," aliniambia. "Hawa wanajipaka manukato kwanza, halafu ndiyo wanatoka jasho juu yake."

"Na wewe unapenda, ndiyo maana hutoki."

"Nitoke niende wapi? Nije kuosha sufuria zako?"

Tulicheka. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi wangefika watu wanane kutoka mji wa Novara, wafanyakazi wa kiwanda kimoja ambao walianza kuisubiri likizo hii tangu theluji ikiwa bado barabarani.

Alhamisi alikuja tena, ila safari hii hakuwa na mzaha. Alikuwa akizing'oa sponji za helmeti ili azifue. Chini ya sponji kuna lile tabaka jeupe jepesi, kama povu gumu linalofungiwa televisheni mpya, na hilo ndilo linalookoa kichwa. Kwenye helmeti nne lilikuwa limepasuka. Nje, mahali palepale penye ufa, palikuwa na stika nzuri ya mbuzi wa milimani mwekundu. Loris alizibandika mwenyewe wakati wa baridi, na sisi wote tulimsifu kwamba sasa duka lina alama yake.

Hapa kwetu hata muuza mikate anajua kwamba helmeti iliyokwisha kugonga jiwe haivaliwi tena. Inakatwa kamba siku hiyohiyo, asije mwingine akaiokota. Nilizitazama zile nne juu ya kaunta yangu, nikabeba mbili, yeye mbili.

Tukaenda wote wawili. Loris alikuwa anatia upepo kwenye matairi, amependeza, ananukia.

"Shemeji, huo si ufa, ni mkwaruzo," alisema, hata hakuinama kutazama.

"Loris, nina macho."

"Una macho ya kutafuta chawa. Mzigo wa helmeti mpya unafika wiki ijayo. Unataka niwaambie watu warudi Novara? Au niwapeleke kwa yule jamaa anayekodisha baiskeli bonde la pili, awachukue moja kwa moja?"

"Basi ivae wewe."

Akaivaa. Akatembea nayo dukani huku na huku, akagonga kichwa kwenye mlango kwa makusudi, tii, akacheka. "Mnaona? Kichwa kizima. Nyie wamama mnapenda misiba."

Mimi nimemjua Loris tangu akiwa na kamasi, na sikuwahi kumwonea kinyaa kama siku ile. Mgeni wake akianguka kwenye miamba ya chini ya msitu anaanguka kwa kichwa, na Loris amekwisha kuwabeba wawili kwa machela.

Ersilia alikuwa na mpango wa kuwaambia wageni wakifika. Nilimwambia hawatamsikiliza. Watamwona mama mzee mwenye aproni, na Loris atawacheka, nao watacheka pamoja naye. Akaendelea kufua. Alipomaliza alizirudisha helmeti zote kwenye misumari, zile nne pia.

Jumamosi asubuhi niliwapelekea kahawa. Duka lilijaa watu wazima wanaovaa kinga za vifua kama watoto wanaovishwa sare ya shule, wanataniana, mmoja anauliza kama kuna ugali wa njano huko juu. Nives alikuwepo pia, binti wa Loris anayesoma mjini Torino, amekuja kushuka nyuma ya msafara asije mtu akapotea. Alikuwa amesahau helmeti yake.

"Mama mkubwa, nipatie moja, yoyote."

Ersilia alinyoosha mkono, akashusha moja ya zile nne zenye mbuzi, akamkabidhi.

Loris aliruka kutoka upande wa pili wa kaunta, akaipokonya. "Si hiyo."

"Ina nini, baba?"

"Hiyo si yako. Chukua yangu." Akavua ya kwake, akamvisha, akamfunga kamba chini ya kidevu kwa mikono yake mwenyewe, akaikagua mara mbili. Kisha ile yenye mbuzi akaitundika tena kwenye msumari wake, akainyoosha vizuri, tayari kwa mgeni.

Nadhani hata yeye hakujua anafanya nini. Lakini duka zima lilikuwa linamtazama. Bwana mmoja mnene wa Novara, ambaye tayari alikuwa amevaa helmeti yenye mbuzi, aliivua polepole, akatoa sponji kwa kidole, akatazama ndani.

Nives alimtazama yule bwana, akamtazama baba yake. Alifungua kamba kidevuni, akamkabidhi mgeni helmeti ya Loris. "Tafadhali vaa hii," alisema. "Mimi siendi."

Ersilia alikuwa amekwisha kushika mkasi. Alizikata kamba za zile nne moja baada ya nyingine, bila haraka, kamba zikawa zinaanguka sakafuni, wala hakuna aliyemzuia.

Loris alinigeukia mimi, kana kwamba nina neno la kumsaidia. Nilikusanya vikombe vyangu, hata kile alichokuwa bado anakinywea.