Mzizi Usiotajwa Jina

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kubeba kapu na kunyamaza. Kapu lilikuwa la Bibi Somoe, mama yake baba. Wajawazito wa kijiji chetu, huko ndani ng'ambo ya Rutamba, walimwendea kwa dawa za mizizi. Kunyamaza kulikuwa sharti la dawa yenyewe. Bibi aliamini kwamba dawa ikitajwa jina kwa sauti inakufa, inabaki kuni tu. Kwa hiyo porini alionyesha kwa kidevu: ule, siyo huo, chimba pale. Jina la kila mti aliniambia mara moja, sikioni, huku akinibana shavu nisilisahau.

Sitaki mtu amdharau. Bibi hakuwa wa kubahatisha. Kila dawa aliyoichemsha aliionja yeye kwanza, kikombe kizima asubuhi, kisha akaendelea kupepeta mpunga wake. Adhuhuri ikimkuta mzima, ndipo mwenye haja hupewa. "Kipimo ni mimi, mke mwenzangu," aliniambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Nilimwamini kabisa. Haikunijia akilini, wala haikumjia yeye, kwamba tumbo la mwanamke aliyepita miaka sitini halina mtoto wa kudhurika.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Baada yangu mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ilikuwa imefika mwezi wa nane. Hata baba, mtu wa kufoka, alikuwa akiongea taratibu. Bibi akaamua kumlainishia mama njia ya mtoto mapema. Tulichimba mzizi, akauchemsha, akaonja, akangoja, kisha akampelekea. Mama alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote.

Kabla ya alasiri alikuwa ameshikilia nguzo ya baraza, uchungu umemwanza mwezi mzima kabla ya wakati. Baba mdogo alimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi zahanati. Mimi na Bibi tulifuata nyuma, nusu tunakimbia.

Nesi alikuwa binti mdogo tu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akasubiri marahaba yake, ndipo akamgeukia mama. Akauliza mama amekunywa nini.

"Maji tu," Bibi akajibu.

"Bibi yangu, sigombi. Nataka kujua ni nini na ni kiasi gani, nijue namsaidiaje."

Bibi akatazama ukuta. Leo najua haukuwa ukaidi, ilikuwa hofu. Kwake yeye, dawa ikiuawa ikiwa tayari imo mwilini, inaondoka na mtoto. Mama alikuwa ameuma upindo wa kanga yake, macho ameyafumba. Nilimtazama mara moja, nikalitaja lile jina kwa sauti, nikaongeza kwamba ni kikombe kimoja, kile kikubwa cha bati, tangu adhuhuri. Bibi aliweka kiganja mdomoni.

Nesi aliacha kuandika. "Huo mti siujui," akasema. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, naye hakuujua. Nilikuwa nimetoboa siri ya ukoo mzima na haikumfaa mtu, ila saa na kiasi waliviandika. Walimlaza mama kwa ubavu wa kushoto, wakamtundikia dripu, na yule binti akakaa kando yake, mkono juu ya tumbo. Kuelekea magharibi uchungu ulilegea, kisha ukaisha. Mdogo wangu alizaliwa mwezi uliofuata, mzima, mwenye makelele. Siku hizi ana ndevu, na makelele yako palepale.

Bibi hakunigombeza. Njiani kurudi alisema tu, "Kumbe ilikufa peke yake." Tulipokaribia nyumbani akaongeza, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Miaka yote nawaficha hawa wa zahanati wasije wakaniibia. Kumbe hata hawaijui." Nilimhurumia sana.

Sasa nafanya kazi maabara, tunapima usalama wa dawa za asili wanazotumia wajawazito. Mzizi ule umo kwenye orodha yetu, niliuandika kwa mkono wangu, na zamu yake haijafika. Hapa jina lake sitaliandika. Siogopi kwamba utakufa, naogopa kwamba mtu atakwenda kuuchimba. Watu huniuliza kama ni ule mzizi uliomletea mama uchungu, na kama ni dripu iliyoutuliza. Sijui. Uchungu wa mapema mara nyingine huanza wenyewe na kutulia wenyewe. Vijana wenzangu kazini humcheka Bibi kwa kile kikombe chake cha asubuhi, nami hukasirika, maana yeye angalau alionja, na jibu hata sisi bado hatuna.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mama, ambaye sasa anaishi mjini, Rasbura. Alikuwa anachambua mchele. Nikatoa daftari, nikamwomba anieleze ile dawa ilikuwaje.

"Chungu," akasema. "Na sikuwa nimefika hata nusu ya kikombe, tumbo likaanza kuvuta."

"Sasa mbona ulimaliza?"

"Mwanangu, mama mkwe amesimama mbele yangu. Ningemwambia nini?" Akapuliza makapi. "Nesi kamuuliza bibi yako, ukajibu wewe. Mimi niliyekunywa hakuna aliyeniuliza."

Niliyaandika maneno yake daftarini. Fomu yetu ya maabara ninaijua kwa kichwa. Ina mahali pa jina la mti, sehemu iliyotumika, kiasi, na mwezi wa mimba. Haina mahali pa kuandika kama mwenyewe alitaka kunywa.