Kitenge cha Kufunika Gitaa

Mama alikunja kitenge cha marehemu, akakitia ndani ya sakoshi yake, akafunga zipu kwa nguvu. Tukatoka. Njia nzima ya metro, kutoka kwetu Anderlecht hadi katikati ya mji, hakusema neno. Namjua mama. Akinyamaza hivyo, kuna mtu ataumia.

Marehemu alikuwa mdogo wake, mama yangu mdogo. Mumewe, ambaye namwita tonton, ndiye aliyekuwa apige gitaa Jumapili ile mchana katika klabu ya blues ambayo hata Waholanzi hupanda treni kuja kuisikiliza. Mkewe alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Upande wetu wa Kivu, mwenye matanga hagusi chombo cha muziki mpaka ukoo wa marehemu umvue kitambaa cheusi cha mkononi, na wa kumvua ni dada mkubwa wa marehemu, yaani mama. Akipiga kabla ya hapo, dada mkubwa ana haki ya kwenda mbele za watu na kukifunika kile chombo kwa nguo ya marehemu. Kikishafunikwa, basi. Huyo si shemeji tena. Hakuna wa kumvua matanga, hakuna wa kumwita kwenye sahani ya chakula.

"Maman," nilimwambia tukipanda ngazi za metro, "huku ni Bruxelles. Batu banalipa tikiti."

"Na miye nitalipa," akajibu. "Kisha nitafunika."

Lakini niseme kweli, hasira ya mama haikuwa ya gitaa. Ilikuwa ya siku ya mazishi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na siku ile sisi wanawake tulisimama kando ya jeneza tukimngoja tonton aanze. Hakuanza. Alisimama kwenye baridi, macho makavu, akimshukuru kila mtu kwa Kifaransa. Merci, merci d'être venus. We! Mama akabaki na kilio chake kimekwama kooni. "Mwanaume mwenye hakulilia bibi yake," alikuwa akirudia tangu siku ile, akimenya ndizi, akipiga pasi, hata tukitoka misa, "huyo hakumupenda." Wote wawili walikuwa wamenichosha. Kazini kwangu, katika nyumba ya wazee kule Uccle, nimeona wajane wa kila namna, na najua macho makavu si ushahidi wa chochote. Haya, jaribu kumwambia mama.

Tonton ni mtu wa Bukavu, na miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Forest, kabla hakijafungwa. Blues, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, alifundishwa humo humo, wakati wa mapumziko, na Mbelgiji mmoja aliyeficha gitaa ndani ya kabati la nguo za kazi. Nilipokuwa mtoto alinieleza jikoni kwao, huku mama mdogo akimfukuza kwa mwiko: "Ni kintu rahisi, mutoto. Unasema neno. Unairudilia. Bon, kisha unaacha nafasi, gitaa ijibu." Siku zote aliimba kwa Kiingereza, ambacho, tusidanganyane, hakukijua sana. Mama mdogo hakuacha kumtania. "Unalilia nani kwa Kiingereza? Miye niko hapa!"

Tukashuka ngazi za klabu. Ukumbi ulijaa, mvi tupu, bia mezani, kimya kama misa wakati wa injili. Mama akachagua kiti cha nyuma kabisa, sakoshi magotini. Tonton akapanda jukwaani. Jamani, alivyokonda! Kitambaa cheusi alikuwa nacho mkononi, hakukificha. Nyimbo mbili za kwanza akaziimba kama kawaida yake, vidole vinatembea vizuri, watu wakapiga makofi. Nikasikia zipu. Nikamshika mama mkono. Akaviondoa vidole vyangu kimoja kimoja, akasimama na kitenge chake, akaanza kupita katikati ya meza.

Ndipo tonton akaanza wimbo wa tatu, na ulikuwa wa Kiswahili.

"Nikilia mu nyumba, frigo njo inanijibu."

Friji ndiyo inayomjibu! Akairudia. "Nikilia mu nyumba, ee bibi yangu, frigo njo inanijibu."

Halafu, pale gitaa lilipotakiwa kujibu, akaweka kiganja juu ya nyuzi. Kimya. Wabelgiji wakatikisa vichwa, wakidhani ni ufundi. Kumbe mtu anaita na hakuna wa kuitika.

"Nikianza kulia, jirani anagonga ku ukuta." Akairudia hiyo pia, na tena kiganja juu ya nyuzi.

Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Kwetu unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza kumnyima hata salamu, lakini mfiwa akianza kilio humwachi alie peke yake. Hilo hata adui hafanyi. Niliona mabega yake yakipanda, na kile kilichokwama tangu mazishi kikatoka chote.

"Eee, mudogo wangu! Umetuachia nani?"

"Chut!" mtu mmoja akamnyamazisha. Mwingine akaongeza, "Madame, s'il vous plaît."

"Chut mwenyewe!" mama akamgeukia. "Hauone batu banalia?"

Aibu ilinishika, nikatamani kuingia chini ya meza. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiitika nyuma ya mama. Tonton akainua macho, akatuona. Akarudia ule mstari wa frigo, akaacha nafasi, mama akaijaza. Akaimba, akaacha, mama akajaza, huku akisogea mbele, mpaka akafika jukwaani. Uso wa tonton ulikuwa umelowa, na halikuwa jasho. Mama akainua kitenge. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, gitaa lilikuwa wazi. Mama alikuwa akimpangusa tonton uso, mashavu mpaka kidevu, bila upole wowote, kama anavyopangusa watoto wangu wakimaliza uji.

"Sasa njo unaanza?" akamwambia. "Tulikungojea, weye!"

"Dada, siku ile sauti ilikataa," tonton akasema, na maikrofoni ikatusikilizisha sote.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Walidhani tumepanga.

Kitenge mama alikiacha begani mwa tonton. Kwenye metro akafungua zipu ya sakoshi, akaifunga, akaifungua tena, mpaka tulipokaribia kituo chetu.

"Dimanche ukamubebe," akasema, akitazama dirishani, yaani Jumapili niende kumchukua tonton aje mezani kwetu. "Atakulaka kwetu kila dimanche, mpaka siku nitamuvua matanga. Muntu hawezi kulia na frigo."