Mkimya wa Kuzaliwa

Mimi mtu wa Tanga nilipelekwa Kasulu kuwafundisha walimu saikolojia kwenye semina, nikijiona nasoma mioyo ya watu kama gazeti. Tulipofika somo la haiba, yaani jinsi tabia ya mtu inavyojengeka, nilitaka mfano hai. Nikamwona mwalimu Anisia. Tangu asubuhi alikuwa kainamisha kichwa, na nikimuuliza swali ananong'ona.

"Mtazameni mwenzenu," nikasema. "Huyu ni mkimya wa kuzaliwa. Huenda utotoni alitishwa sana."

Ukumbi ukatulia. Nikadhani somo limewaingia, nikazidi kumwaga utaalamu, mpaka mwalimu mmoja mzee akasimama kule nyuma.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni baba mkwe wake. Huku kwetu mkwe hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Ngoja nitoke."

Mlango ulipofungwa, Anisia aliinua kichwa. Sauti yake nadhani ilisikika hadi sokoni.

"Mwalimu, utoto wangu umeujulia wapi? Mbona hukuniuliza?"

Niliinamisha kichwa, nikanong'ona sijui nini.

Akawageukia wenzake. "Na huyu je? Naye ni mkimya wa kuzaliwa?"