Wageni Waliokuja Kumsikiliza Mchungaji

Mama Pasi tulimpa jina hilo kwa sababu ya kibanda chake cha kupigia pasi pale kwenye kona, na hakuna shati la mtu mwenye heshima zake mtaani kwetu ambalo halijapita mikononi mwake. Kanisani tunahudumu pamoja, yeye na mimi. Mimi huwapokea watu mlangoni na kuwapa viti, yeye hubeba maiki wakati wa shuhuda. Ni mkali wa maneno na mlaini wa moyo, na ukibisha, mwambie hajui kunyoosha kola uone.

Mume wake ni fundi makochi. Zamani alikuwa mlevi, na sisemi mlevi wa sikukuu, nasema mlevi wa kuuza kitambaa cha mteja. Mchungaji wetu ndiye aliyemtoa huko, wala hakumtoa kwa mahubiri. Kila jioni fundi akifunga karakana, Mchungaji humpitia, wakatembea pamoja mpaka nyumbani, maana njia inapita mbele ya baa na nyingine hakuna. Wanaongea habari za mpira. Wakifika mlangoni, Mchungaji anaaga, basi. Siku moja Mama Pasi aliniambia, "Shoga, yule mtu akihama leo, kesho mimi ni mjane mwenye mume."

Sasa, kanisa lisilo na mchungaji halitangazi nafasi ya kazi kama kiwanda. Linaunda kamati, na kamati inatuma watu wakamsikilize mchungaji wa wenzao kimyakimya, waone anahubirije na waumini wake wanamchukuliaje. Wakiridhika, wanamwita. Huyu wetu tulimpata hivyo hivyo, kwa hiyo hatuna hata haki ya kupiga kelele za mwizi.

Jumapili hiyo walikuja wageni watatu: baba mwenye miwani, mama mrefu na kijana aliyevaa tai. Walikuja mmoja mmoja, nikawapa viti sehemu mbalimbali. Wageni walipoombwa kusimama, kila mmoja akasema yuko mjini kusalimia ndugu. Mimi, mjinga wa watu, nikawapigia makofi.

Ukaja wimbo. Kwetu mstari wa mwisho ukiisha, tumemaliza, tunakaa. Tukakaa. Sauti tatu, kutoka pembe tatu za kanisa, zikaendelea kuurudia ule mstari, bila shaka kama wanavyofanya kwao. Walishtuka wakafunga midomo. Yule mama mrefu akainamia mkoba wake kama aliyepoteza pete.

Mama Pasi alinijia pale mlangoni, uso umembadilika.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni kamati."

"Labda ni..."

"Labda nini? Watu watatu wasiojuana wakosee pamoja?"

Mchungaji akapanda kuhubiri, na kwa bahati alikuwa na mafua. Sauti ilimkwama, akapoteza ukurasa, akakohoa katikati ya sentensi. Baba mwenye miwani alianza kutazama dirishani. Mama Pasi alikuwa ameng'ang'ania maiki yake ananong'ona, "Kohoa, baba, kohoa." Mungu atusamehe, na mimi nilikuwa naomba vivyo hivyo.

Zikaja shuhuda. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiongoza ibada akatazama saa, akasema, "Tupokee ushuhuda wa mwisho."

Mikono miwili ikanyooshwa. Mmoja ulikuwa wa bibi mmoja ambaye kila Jumapili hutusimulia habari za mguu wake. Wa pili ulikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Ulikuwa wa fundi makochi.

Yule bwana hakuwahi kunyoosha mkono kanisani. Hata kuimba anaimbia tumboni.

Mama Pasi akasimama katikati ya kanisa na maiki yake. Alimtazama bibi, akamtazama mumewe, akawatazama wageni. Mimi nilimkonyeza: bibi, mpe bibi! Nani angemlaumu? Bibi ni mtu mzima, heshima inamtangulia. Nilitaka ampe bibi, sifichi, maana fundi angemsifia Mchungaji mbele ya wageni, na nilikuwa na hasira kwamba anakawia. Ndipo nikaona mkono wa fundi unaanza kushuka. Alikuwa ameona mke wake anasita.

Mama Pasi naye aliuona unashuka. Akageuka, akaenda kwake karibu mbio, akampa maiki.

"Mimi ni fundi makochi," alisema. "Mnanijua. Wengine mlikuwa mnaniruka mtaroni mkija hapa na Biblia zenu. Siwalaumu, mlikuwa mnachelewa." Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. "Mchungaji hajawahi kuniambia niache pombe. Anakuja tu jioni ananiambia twende nyumbani. Mvua ikinyesha, anakuja. Siku aliyomzika mama yake, alikuja. Sina la zaidi."

Mama mrefu alikuwa anajifuta machozi waziwazi. Baba mwenye miwani akasahau kwamba alikuwa anajifanya hamjui mtu humu ndani, akamgeukia kijana mwenye tai, akatikisa kichwa kukubali. Wito wenyewe ulikuja baadaye kama taratibu zinavyotaka, lakini mimi nasema Mchungaji wetu alituondokea dakika ile.

Tulipotoka, Mama Pasi alimkuta mumewe kando ya ukuta wa nje. Hakumpongeza.

"Unawajua wale ni akina nani?"

"Nawajua. Si nilisikia walivyoimba."

"Ulijua, na bado ukanyoosha mkono? Watamchukua!"

"Watamchukua."

"Na wewe je? Jioni utapitaje pale?"

Fundi alikuwa anakwangua gundi iliyoganda kwenye kucha.

"Sijui nitapitaje," alisema. "Lakini mama, mtu kama yule nimfiche? Nimfiche kama nilivyokuwa naficha chupa?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Tangu nimjue, sijawahi kumwona akikosa neno, na siku hiyo alilikosa. Alimshika mume wake mkono, wakasimama hivyo huku watu wakiwapita, na sikuweza kujua ni nani kati yao anayemshikilia mwenzake.