Safari ya Mazinde, na Mwiko Uliopanda Pikapu

Miguu yangu haijui kutulia. Nikikaa Handeni miezi kadhaa mfululizo, pua huanza kunidanganya kwamba nasikia harufu ya mkonge unaosindikwa, ile harufu chachu tuliyokulia ndani yake wakati baba akikata mkonge Mazinde. Baba alishatangulia, lakini dada yangu mkubwa, Mwanaidi, aliolewa hukohuko na Msambaa mmoja mcheshi aitwaye Salehe. Basi nikampa mwenzangu pikipiki yangu ya bodaboda aendelee kubeba abiria, nikamnunulia dada doti ya kanga sokoni, nikapanda basi.

Asubuhi ile Handeni ilikuwa kavu, vumbi limekalia mabati na majani ya michungwa. Sindeni tulisimama, akina mama wakainua mabeseni ya machungwa hadi madirishani. Nilinunua mengi kuliko ninavyoweza kula, kama afanyavyo mtu mwenye furaha. Tulipovuka Mto Pangani na kuingia Korogwe nilibadilisha gari, na tangu hapo milima ya Usambara ikatusindikiza mkono wa kulia mpaka Mombo, kisha Mazinde. Mistari ya mkonge ilipita dirishani, imenyooka vilevile kama zamani.

Mchana nilibisha hodi. Salehe alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mwanaidi! Mzigua kaja. Ficha kuku!"

"Na nyie Wasambaa mna kuku wa kufichwa?" nikamjibu.

Dada alicheka huku akisonga ugali. Mwiko wake ulikuwa wa mti mgumu, umepauka kwa miaka ya kazi. Alipokea kanga, akazinusa, akaziweka kitandani bila kuzifungua. Jirani yao, Mzee Hoza, aliyefanya kazi katika kiwanda cha katani enzi za baba, akaja kula nasi. Nikamwamkia shikamoo, akaniuliza kama Handeni bado tunakunywa maji ya matope. Nilishiba, nikajiona nimefika nyumbani.

Baada ya kula, Salehe alikwenda nyuma ya nyumba kumalizia banda la mbuzi. Kule banda hujengwa kwa milingoti ya mkonge, ile miti mirefu inayochipuka katikati ya mmea uliozeeka. Alikuwa akiuchonga mmoja kwa panga, ameukanyaga kwa mguu. Panga likateleza. Tulisikia akiita mara moja tu, si kwa kelele.

Tulimkuta amekaa chini, ameshika mguu chini ya goti, na damu ikiruka kati ya vidole vyake. Mzee Hoza alikuwa wa kwanza kutenda. Alichomoa kamba ya katani kutoka kwenye nguzo ya banda, akamfunga paja kwa nguvu zake zote.

"Hii haikatiki," alisema. "Hii inafunga meli."

Kweli haikukatika. Ilizama katika nyama kama waya, Salehe akapiga yowe, na damu ikaendelea kutoka.

Mwaka uliopita madereva wa bodaboda Handeni tulipewa mafunzo ya huduma ya kwanza. Nakiri nilikwenda kwa ajili ya soda. Lakini siku ile tulifungana miguu wenyewe kwa wenyewe mpaka tukalia, na maumivu yana kumbukumbu nzuri. Nilivua shati, nikalikunja, nikalikandamiza juu ya jeraha kwa uzito wa mwili wangu wote. Likalowa. Damu ikapita.

"Dada, lete kanga. Na mwiko!"

"Mwiko wa nini?"

"Lete!"

Nilikunja kanga ikawa mkanda wenye upana wa vidole vinne, maana kitu chembamba hukata nyama na hakizuii damu. Nikauzungusha kwenye paja, juu ya jeraha, mbali na goti, nikapiga fundo moja. Nikalaza mwiko juu yake, nikapiga fundo la pili, nikaanza kuuzungusha kama mtu anayekamua nguo. Salehe aliniita majina ambayo shemeji hapaswi kuitwa. Nikazungusha tena. Damu ikapungua, ikawa matone, ikasimama.

"Mzee, kamba yako sasa."

Tuliifungua ile ya katani, tukaitumia kufungia mpini wa mwiko usirudi nyuma. Mzee Hoza aliifunga mwenyewe, kwa fundo zuri mno. Msikitini wakaadhini alasiri, nikaokota mkaa jikoni, nikamwandikia Salehe kwenye paji la uso saa niliyomfunga, ili hospitali wajue.

"Unamtia chapa kama robota la katani!" Mzee akasema.

"Robota haliumwi hivi," Salehe akanong'ona.

Pikapu iliyorudi kutoka kupeleka nyanya ilitubeba kuelekea Mombo. Tulimlaza katikati ya matenga matupu, tukamfunika. Njiani ndipo safari ilipokuwa ndefu. Mguu ulianza kubadilika rangi, Salehe akalia kama mtoto, akamsihi mkewe. Dada akanyoosha mkono kwenye mwiko.

"Legeza kidogo tu, damu ipite. Mguu unakufa!"

"Nikilegeza, atakufa yeye. Watalegeza hospitali."

"Wewe ni daktari? Unamuua mume wangu mbele yangu!"

Nikaushika mkono wake. Ni dada aliyenibeba mgongoni, sijawahi kumshika hivyo.

"Mguu huo ukikatwa," alisema, "usikanyage tena kwangu."

Sikuuachia mkono wake. Niliogopa, kwa sababu sikuwa na hakika na mguu. Nilikuwa na hakika na damu tu.

Katika kituo cha afya cha Mombo mganga alisoma paji la uso, akauliza nani alifunga, akasema mwiko usiguswe. Wakamwongezea maji, gari la wagonjwa likampeleka Korogwe, akashonwa mshipa jioni ileile. Kanga waliikata kwa mkasi, na mwiko hatukujua ulikoishia. Kulipopambazuka, Salehe alivichezesha vidole vya mguu, vyote, huku akitazama kama si vyake.

"Ficha kuku," aliniambia. "Bado nipo."

Nilikaa mpaka aliporudi Mazinde na fimbo, na banda la mbuzi tulilimalizia mimi na Mzee Hoza. Dada alisonga ugali kwa mwiko wa kuazima, akilalamika kwamba ni mwepesi.

Siku ya kuondoka alinisindikiza barabarani, amejifunga kanga moja iliyobaki. Niliyojifunza ni machache: kandamiza kwanza, funga kwa kitambaa kipana, na ukishafunga usilegeze hata ukiombwa na umpendaye. Basi lilipokaribia, dada alinishika bega.

"Ukija tena usiniletee kanga," alisema. "Niletee mwiko. Mti mgumu."

Nimeshaununua. Uko hapa Handeni, umeegemea ukutani karibu na viatu vyangu.