Mwenye Neno Akae Mbele

Katika mtaa wetu, mtu akikuletea jambo usiloliamini, humwambii kwamba anasema uongo. Unamwambia, "Haya, kakae mbele." Watoto husema hivyo wakigombana, na wake huwaambia hivyo waume wanaorudi na visingizio. Msemo huo ulitoka kwenye gari la Kipaza. Mimi ni fundi redio, kibanda changu kinatazamana na mahali anapoliegesha, na vyombo vyake nimevifungua na kuvifunga mpaka navijua kwa kupapasa. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kabla wapiga soga hawajalitia chumvi zaidi.

Kipaza ni mtangazaji wa mtaani. Ana gari kuukuu ambalo zamani lilikuwa jeupe, juu ya paa amefunga vipaza sauti viwili kwa waya na mipira ya baiskeli. Hupita nalo polepole vichochoroni akitangaza misiba, mikutano, watoto waliopotea na siku za kukatika umeme. Sauti yake ni nzito na haina haraka. Ukiisikia uko bafuni, unafunga bomba kwanza usikilize.

Alikuwa na sharti lake moja. Miaka ya mwanzo, mhuni fulani alimletea habari kwamba muuza mkaa wa pale kona amefariki, naye akaitangaza kwa majonzi yote. Muuza mkaa aliusikia msiba wake mwenyewe huku anakunywa chai. Mke wake alikuwa sokoni, akaanguka, akateguka mguu. Muuza mkaa alikuja na koleo mkononi kumtafuta Kipaza, akisema kama marehemu anatakiwa, basi atapatikana. Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Kipaza hakucheka hata kidogo. Tangu siku hiyo, ukitaka akutangazie jambo, unakaa kiti cha mbele kando yake. Unashika maikrofoni kwanza, unajitaja, unasema, "Neno hili ni langu." Ndipo yeye anapokea na kuendelea. Kama ni msiba, anakaa mfiwa. Kama ni mbuzi, anakaa mwenye mbuzi. Hata imamu na mchungaji walikaa, kila mmoja na siku yake, wakishikilia mlango usifunguke kwenye mashimo.

Aliyekuwa hakai ni ofisi ya mji. Katibu wa ofisi alikuwa akipiga simu tu: tangaza hivi, tangaza vile. Nilimuuliza Kipaza siku moja mbona hao hawakai. Aliniangalia kama niliyemtukania wazazi.

"Fundi, wewe nawe! Serikali ikae kwenye kiti kinachotoka sponji?"

"Kwani makalio yao ya namna gani?"

"Heshima, fundi. Wale ni ofisi."

Katibu alimwita sauti ya mji, mbele za watu, na Kipaza akakivaa kilemba hicho cha ukoka akatembea nacho kifua mbele. Simlaumu sana. Kusifiwa na wakubwa ni jambo tamu, na wengi wetu hatujaonja.

Kisha maji ya bomba yakaharibika. Yalitoka na rangi ya kutu na harufu ya kitu kilichooza, na watu wakaacha kuyanywa. Walibeba ndoo hadi kwenye chemchemi ya bondeni, na waliokosa nguvu ya kwenda walichemsha ya bomba mpaka mkaa ukawaishia. Kelele zikawa nyingi. Asubuhi moja simu ya Kipaza ikalia mbele yangu, nikamsikia akiitikia, "Ndiyo mheshimiwa katibu. Sawa mheshimiwa." Akapanda garini, kiti cha kando yake kitupu, akapita mtaa mzima akisema maji yamepimwa, ni salama, wananchi wasiwe na hofu.

Watu walimwamini. Hilo ndilo linaloniuma. Ofisi ingesema yenyewe, nani angeisikiliza? Ile ile iliyotuahidi taa za barabarani tangu mimi sina mvi? Lakini Kipaza alikuwa hajawahi kusema uongo tangu siku ya muuza mkaa. Dada yake mkubwa, mshonaji, anayekaa nyuma ya soko, alikuwa akichemsha maji ya binti yake kila siku. Aliposikia tangazo, aliinjika sufuria ya mboga mahali pa sufuria ya maji. Alimwambia mtoto, "Mjomba wako kasema ni salama."

Mtoto aliumwa tumbo, akaishiwa maji mwilini, akafia njiani kwenda hospitali. Alikuwa msichana mcheshi, aliyezoea kukimbia kando ya gari la mjomba wake akiigiza sauti yake. Wengine waliugua wakapona. Yeye hakupona.

Msiba huo haukutangazwa na gari. Mshonaji aliwatuma majirani wapite kwa miguu, mlango kwa mlango. Kipaza alikwenda mazikoni kama mtu wa mbali, akasimama nyuma kabisa. Walipomaliza, dada yake alimfuata. Sote tulidhani atampiga. Hakumpiga, wala hakupaza sauti.

"Mdogo wangu," alimwambia, "niliiamini sauti yako kuliko pua yangu."

Tangu hapo akawa hamsemeshi.

Mtaa ulidai mkutano, na mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa shule. Mheshimiwa diwani alikuja amechelewa, akiwa amefunikwa mwavuli na mtu mwingine anayeungua jua. Watu waliuliza swali moja tu: nani alisema maji ni salama? Walilirudia kwa zamu, wanawake kwa wanaume, na mheshimiwa kila mara akajibu habari za bajeti. Mwishowe katibu akasimama, akafunga kifungo cha koti lake.

"Ofisi haikutoa tangazo lolote. Muulizeni mwenye gari."

Walimruka futi mia, hivi hivi mchana kweupe. Kipaza alisimama.

"Katibu, si ulinipigia wewe?"

"Una ushahidi?"

"Ulinipigia asubuhi, niko pale kwa fundi."

"Nakupigia mambo mengi. Nilisema utangaze usafi. Kama ulisikia mengine, hayo ni yako."

Nilipiga kelele kwamba nilikuwepo, nilimsikia akiitikia. Katibu aliniuliza kama nilisikia pia upande wa pili wa simu. Sikuwa nimesikia. Nilikaa chini nikiwa na hasira ambayo mpaka leo sijui pa kuiweka. Mheshimiwa akatangaza kwamba tume itaundwa, na uwanja mzima ukaguna kwa pamoja, maana tume tunazijua, huundwa ili swali lizeeke. Hata hiyo hatukuiona.

Lakini kibaya zaidi ni kwamba lile neno la katibu lilifanya kazi yake. Mtu mmoja alisema huenda Kipaza alisikia vibaya. Mwingine akasema huenda alihongwa. Waliokuwa na misiba wakaanza kutuma ujumbe kwa simu. Gari likakaa pale mbele ya kibanda changu, kuku wakalala chini yake, na Kipaza akawa anakuja kila siku kukaa ndani, mikono juu ya usukani, haendi popote.

"Uza hilo gari," nilimwambia. "Fanya kazi nyingine."

"Siuzi."

"Unangoja nini sasa?"

"Nangoja mtu mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba lile neno lilikuwa lake. Mmoja tu. Dada yangu akisikia hilo, hata asiponisamehe, atajua mtoto alikufa kwa kauli ya nani."



Uchaguzi ulipokaribia, gari la ofisi likasimama mbele ya kibanda changu, na katibu akashuka mwenyewe. Sikuamini macho yangu. Alimsalimia Kipaza kana kwamba waliachana jana wakicheka. Alieleza kwamba pampu mpya imefungwa, mheshimiwa atakuja kufungua bomba, maji sasa ni safi kabisa, na watu wajitokeze kwa wingi. Ofisi ilikwisha kubandika matangazo ukutani, lakini watu walikuwa wakiyabandua na kufungia vitumbua.

"Vichochoroni hakufiki mtu ila wewe," katibu alisema. "Wewe ndiye sauti ya mji."

Kipaza alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka garini, akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akakipangusa kile kiti kwa kiganja.

"Karibu ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Ujitaje, useme neno hili ni lako. Mimi nitaendesha taratibu."

Katibu alicheka, akageuka kuniangalia ili nicheke naye. Nilikuwa na chuma cha kulehemu mkononi, nikakiweka chini nisije nikafanya ujinga. Muuza mkaa alikwisha kusogea, na nyuma yake wanawake wenye ndoo.

"Bwana mdogo, mimi ni mtumishi. Neno si langu."

"La nani?"

"Linatoka juu."

"Basi huyo wa juu ashuke, kiti ni kipana."

"Unacheza na kazi ya serikali?"

"Maji yakiwa safi, kukaa kuna ugumu gani?" muuza mkaa akauliza. "Mimi nimekaa hapo kutangaza kwamba sijafa."

Watu walicheka. Katibu hakucheka safari hii. Alikiangalia kile kiti kwa kitambo, akawaangalia watu, na nikaona wazi kwamba anaogopa. Alikuwa anaogopa jina lake tu, lisije likasikika kwenye vile vipaza sauti. Alimnyooshea Kipaza kidole akamwambia atajuta, akaondoka kwa vumbi. Kama maji ya pampu mpya yalikuwa safi au machafu, hakuna aliyejua, na hicho ndicho kilichotutisha.

Kipaza hakuufunga mlango. Aliushikiza kwa kamba ubaki wazi, akawasha vyombo, akaniambia niingie nyuma niangalie waya. Tukaondoka. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa muda mrefu, na ilipotoka nywele zilinisimama.

"Nina tangazo la maji. Mwenye tangazo amekataa kukaa. Kwa hiyo silitangazi. Kiti kiko wazi."

Hayo tu. Aliyarudia kona baada ya kona, na watu wakatoka majumbani, wakakitazama kiti kitupu kikipita. Wengine wakaanza kutembea nyuma yetu. Tulipofika nyuma ya soko alipunguza mwendo kuliko kawaida. Tulisikia cherehani ya dada yake ikikimbia, kisha ikanyamaza. Akatoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alisimama mbele ya gari mpaka Kipaza akakanyaga breki. Halafu akaja upande wa pili, akakaa, akanyoosha mkono. Kipaza alimpa maikrofoni. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Mimi ni mshonaji wa nyuma ya soko," alisema dada yake. "Neno hili ni langu. Mwanangu amefariki. Nilizika bila kutangaza, leo natangaza. Alikunywa maji mliyoambiwa ni salama. Tunakwenda kumtafuta aliyesema."

Tulikwenda ofisini, na mtaa ukatufuata. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi alitwambia hakuna mtu ndani, huku magari yao yamepangwa nyuma yake na pazia la ghorofani linatikisika. Mshonaji akarudia maneno yake yote mbele ya lile geti. Hakuna aliyejibu. Watu walianza kuimba jina la mtoto, na mlinzi akatazama viatu vyake.

Kipaza akamgeukia. "Dada, nisamehe."

"Bado hujakaa," alimjibu.

"Nikae wapi tena? Si niko hapa?"

"Hapo ni pa dereva."

Alishuka, akamwachia kiti. Kipaza alibaki ameushika usukani kwa muda, kisha akatoka, akazunguka gari kwa miguu mizito, akakaa pale walipokaa wafiwa na wenye mbuzi na kila mtu aliyewahi kumtuma. Nilimpa maikrofoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikalazimika kuongeza.

"Mimi ni Kipaza. Niliambiwa kwa simu, sikuuliza, nikasema maji ni salama. Kuambiwa nitamwachia aliyeniambia. Kutouliza ni kwangu. Neno hilo ni langu."

Mshonaji aliinama dirishani, akamshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza amguse tangu mazikoni. Nilidhani atasema amemsamehe, na nadhani yeye Kipaza pia alidhani hivyo, maana alifumba macho. Lakini dada yake alikuwa akilitazama lile pazia la juu.

"Sasa hama," akamwambia. "Kiti hicho bado kina mwenyewe."